Maabara moja, mwalimu mmoja

Chukua shule ya kutwa ya kaunti ndogo katika pwani ya Kenya, mkondo mmoja kwa kila darasa, wanafunzi 150. Kando ya ofisi kuna chumba chenye nondo madirishani na kufuli mbili mlangoni. Ndani mna kompyuta 15. Zinazowaka ni 11, maana hewa ya chumvi haina huruma na vyuma. Mwalimu wa kompyuta ni mmoja. Yeye ndiye mkuu wa idara asiye na mtu wa kumwongoza, ndiye fundi, ndiye mtunza stoo, ndiye anayetafutwa projekta ikikataa kuwaka na wazazi wameshaketi. Na kwa kuwa mwalimu wa sekondari nchini huandaliwa kufundisha masomo mawili, nusu ya vipindi vyake ni vya fizikia.

Shule kama hiyo ina sababu gani ya kuwapeleka wanafunzi 14 hadi kwenye mtihani wa kitaifa wa Kompyuta? Haingekuwa bora iwafundishe wote 150 kuandika barua, kutuma baruapepe na kujaza fomu, halafu mtihani iwaachie wenye maabara za kifahari?

Wanaojibu hapa ni watu watano wasio na majina: mwalimu mkuu, mwalimu wa kompyuta, mwalimu wa hisabati, mzazi mwenye saiba (duka la intaneti) sokoni, na binti aliyemaliza shule hiyo akaingia chuo kikuu. Shule ni ya kubuni na kikao ni cha kubuni. Hoja zao hazikubuniwa. Zinasikika kila muhula ratiba inapopangwa.

Mwalimu wa hisabati ndiye aliyeanza, na hakuanza kwa upole.

"Tusizungushane. Watoto 14, mashine 11, mwalimu nusu. Mtihani wenyewe una karatasi tatu. Ya kwanza ni nadharia, sawa. Ya pili ni vitendo: kila mtahiniwa apate mashine isiyozimika, achapishe majibu yake kwa printa, akabidhi na CD. Ya tatu ni mradi wa miezi na miezi. Kilimo kinataka jembe na kipande cha shamba, na shamba tunalo. Biashara inataka kitabu. Hii inataka umeme, wino, karatasi, antivairasi, fundi na maombi."

Mwalimu mkuu alicheka, kisha akatoa hesabu yake. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ulipangwa kuwa Sh22,244 kwa mwaka. Kwa wanafunzi 150, hata pesa zingefika zote na kwa wakati, jambo ambalo kila mkuu wa shule nchini analisemea kwa kuguna, ni Sh3,336,600. Shule ya wanafunzi 1,500 inapata mara kumi ya hizo. "Lakini printa, Mwalimu, haiuzwi kwa robo bei kwa sababu shule yangu ni ndogo. Kufuli ni ile ile. Mlinzi ni yule yule. Fundi akija kutoka mjini hanipunguzii nauli."

Hapo alikuwa amegusa mfupa. Gharama nyingi za maabara hazipungui idadi ya watoto inapopungua. Ndiyo maana misaada ya kompyuta huonekana ni suluhisho: mfuko wa eneo bunge unajenga chumba, shirika linaleta mashine zilizotumika zikakarabatiwa, mheshimiwa anakata utepe, picha zinapigwa. Miaka miwili baadaye chumba kinahifadhi madawati yaliyovunjika. Kuzindua maabara kuna bajeti. Kuifungua kila Jumatatu asubuhi hakuna.

Mzazi mwenye saiba alikuwa akisubiri nafasi.

"Madam, mimi naona matokeo ya kazi yenu kila siku, nyinyi hamyaoni. Kijana amemaliza Kidato cha Nne, ana gredi nzuri, anakuja kwangu nimchagulie kozi kwenye tovuti ya KUCCPS. Anataka mkopo wa HELB, namjazia mimi. Anataka namba ya kodi ya KRA, mimi. Baruapepe yake naifungua mimi na nywila naiandika mimi kwenye kitabu changu, kwa sababu yeye ataisahau. Mimi nashukuru, napata hela. Lakini huyo mmemfundisha nini? Acheni hizo programu. Wafundisheni wote, siyo 14, wajue kujihudumia."

Hoja hiyo ni nzito, na ingefaa iwanyime usingizi wapangaji wa mitaala. Huduma nyingi za serikali ya Kenya zimehamia eCitizen, na asiyeweza kuifungua mwenyewe analipa kodi ya pili kwa mwenye saiba. Mbaya zaidi, anakabidhi kitambulisho chake na neno lake la siri kwa mtu asiyemjua.

Mwalimu wa kompyuta hakumpinga. "Hayo ya fomu na nywila, mzee, nayataka kwa watoto wote, na yanahitaji muhula mmoja, siyo miaka. Tatizo ni kudhani kwamba hayo ndiyo somo lenyewe. Kuna nchi ilishafanya hivyo ikajuta."

Alikuwa akizungumzia Uingereza. Kwa miaka mingi shule za huko zilifundisha somo la TEHAMA ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa kuandika nyaraka, kupanga lahajedwali na kutengeneza slaidi. Januari 2012 chama cha wanasayansi cha Royal Society kilitoa ripoti ya kusema wazi kwamba mafunzo hayo hayaridhishi, na mwezi huo huo waziri wa elimu, Michael Gove, akatangaza kuuvunja mtaala ule. Septemba 2014 ukaingia mtaala mpya ambamo mtoto wa miaka mitano anaanza kujifunza algorithimu ni nini.

"Malizia basi," akasema mwalimu wa hisabati. "Malizia na yaliyotokea baadaye."

Yaliyotokea baadaye hayampendezi mtetezi wa somo. Royal Society ilirudi mwaka 2017 kukagua. Ikakuta kwamba asilimia 54 ya shule za sekondari nchini humo hazikuwa na mtihani wa GCSE wa sayansi ya kompyuta. Wasichana walikuwa mmoja kati ya watahiniwa watano. Vyuo vya ualimu, kati ya 2012 na 2017, vilikuwa vimepata asilimia 68 tu ya walimu wapya wa somo hilo waliokusudiwa. 

"Wana umeme saa 24," akamalizia mwalimu wa hisabati, "wana intaneti mpaka chooni, na wameshindwa kupata walimu. Wewe uko peke yako hapa na mashine 11."

Hesabu hizo zilikusudiwa kumnyamazisha mwalimu wa kompyuta, lakini ukizisoma taratibu zinamsaidia. Uingereza haikukwama kwa kukosa mashine. Ilikwama kwa kukosa watu. Basi kikao kinachoanza kwa kuhesabu kompyuta 11 kinahesabu kitu kisicho kiini cha tatizo, na kasoro hiyo ilikuwa ya wote mezani, mtetezi na mpinzani.

Ndipo mwalimu wa kompyuta akaomba wamtazame anavyofundisha umeme ukikatika.

Akachukua pakiti ya unga kutoka stoo ya jikoni. Nyuma yake pana ile mistari myeusi yenye tarakimu 13, zinazoanza na 616 ikiwa nambari ilisajiliwa Kenya. (Za Tanzania huanza na 620.) Tarakimu ya mwisho haielezi bidhaa. Kazi yake ni kuzikagua zile 12 za mwanzo. Mwanafunzi anaambiwa: ya kwanza izidishe kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, hivyo hivyo hadi ya kumi na mbili. Jumlisha. Tarakimu ya mwisho ni ile itakayoifikisha jumla kwenye kumi kamili inayofuata. Keshia akikosea tarakimu moja, jumla haitui kwenye kumi na mashine inakataa.

Darasa likishapata jibu sahihi kwa pakiti tatu nne, na watoto wakishaanza kuvunja stoo kutafuta chumvi na sabuni, mwalimu anauliza swali la pili: je, mtu akibadilisha nafasi za tarakimu mbili zilizo jirani, mashine itagundua? Wanajaribu. Inagundua. Wanajaribu tena. Inagundua. Halafu mmoja anajaribu kwenye 616 yenyewe, anaandika 166, na jumla inatua kwenye kumi kama kawaida. Kosa limepita!

Kwa nini? Kwa sababu ukibadilishana nafasi, jumla hubadilika kwa mara mbili ya tofauti ya tarakimu hizo. Tofauti kati ya 6 na 1 ni 5, mara mbili yake ni 10, na kumi nzima haigunduliki. Ndivyo itakavyokuwa kwa 7 na 2, kwa 8 na 3, kwa kila jozi inayotofautiana kwa 5. Mwanafunzi aliyelifikia hilo kwa kalamu amekutana na mambo matatu ambayo watu huyalipia karo chuoni: algorithimu, njia ya kugundua makosa ya data, na mipaka ya njia hiyo. Hajagusa kibodi.

Mwalimu wa hisabati aliiomba ile pakiti ya unga. Alikaa nayo muda.

Mbinu ya kufundisha bila mashine si ya kubahatisha. Tim Bell, Mike Fellows na Ian Witten walianza kuikusanya katika miaka ya 1990, na Chuo Kikuu cha Canterbury huko New Zealand kikawa makao yake. Mazoezi yao yametafsiriwa katika lugha nyingi. La kwanza karibu kila mwalimu analijua: wanafunzi watano wamesimama mstari mmoja na kadi za nukta 16, 8, 4, 2 na 1, kila mmoja akiionyesha kadi yake au kuigeuza. Kadi hizo tano zinatosha kuonyesha kila nambari kutoka 0 hadi 31. Sema 19, zitaonyeshwa kadi za 16, 2 na 1, na mfumo wa binari utakuwa umeeleweka kabla ya kengele.

"Tamu," akasema mzazi. "Lakini mtihani ni mtihani. Karatasi ya pili hawaendi na pakiti za unga."

Kweli. Mwanafunzi lazima azoee hifadhidata, lahajedwali na upangaji wa kurasa hadi vidole vijue njia, na hilo linataka saa nyingi mbele ya mashine. Ila hapa udogo wa shule unageuka kuwa faida. Darasa la 14 kwa mashine 11 ni karibu mtoto mmoja kwa mashine moja. Katika shule kubwa ya watoto 55 kwa darasa na kompyuta 20, watatu wanabanana kwenye kiti kimoja: mmoja anashika kipanya, wa pili anashauri, wa tatu anatazama dirishani. Na aghalabu anayetazama dirishani ni msichana, maana mvulana aliyewahi kucheza michezo ya kompyuta ndiye ameshika kipanya.

Binti wa chuo kikuu, aliyekuwa kimya hadi hapo, alilichukua neno.

"Mimi nilikuwa na mashine yangu mwenyewe kwa miaka minne, Mwalimu, na sijapata bahati hiyo tena hata chuoni. Lakini semeni ukweli kuhusu mradi. Mtandaoni kuna matangazo ya kuuza mradi uliokamilika, na ripoti zake, na maelezo yake. Siku hizi huhitaji hata kununua. ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022 mimi sikuwa nayo. Wadogo zangu wanayo. Mtoto anaweza kuwasilisha mfumo wa hospitali nzima na asijue mstari mmoja unafanya nini. Mnamjuaje?"

Swali hilo Uingereza iliulizwa kabla ya ChatGPT, na jibu lake lilikuwa kukata tamaa. Mtihani wa GCSE wa sayansi ya kompyuta ulikuwa na kazi ya kuandika programu ya saa 20, yenye asilimia 20 ya alama. Majibu yakaanza kuzagaa kwenye mtandao, na Januari 2018 mamlaka ya mitihani, Ofqual, ikaamua kwamba kazi hiyo haitahesabiwa kwenye gredi. Kwa makumi ya maelfu ya watahiniwa, hapakuwa na namna ya kuhakikisha nani aliandika nini.

Shuleni petu, akasema mwalimu wa kompyuta, namna ipo. "Namwita mmoja mmoja. Dakika kumi. Namwambia, nionyeshe sehemu inayotafuta jina la mgonjwa. Sasa ibadilishe itafute kwa nambari ya simu. Fanya nikiona. Aliyeandika ataibadilisha, hata akikwama atajua amekwama wapi. Aliyenunua atatoka jasho. Watoto 14 kwa dakika kumi ni dakika 140, alasiri mbili. Shule kubwa haiwezi. Mimi naweza."

Kati ya yote yaliyosemwa mezani, hoja hii ndiyo mwandishi anaiona ya msingi. Shule ndogo imezoea kujitazama kama shule kubwa iliyopungukiwa: tungekuwa na mashine 40, tungekuwa na mstari wa intaneti, tungekuwa na mtaalamu wa maabara. Haijiulizi ni kitu gani inaweza kufanya ambacho kubwa haiwezi. Kumsikiliza kila mtoto akieleza programu yake kwa mdomo wake ni kimoja. Cha pili ni mradi wenye mwenyewe wa kweli. Kazi ya karatasi ya tatu huja na maelekezo ya baraza la mitihani na haibadilishwi, lakini kabla ya hapo, katika darasa la chini, hakuna anayemzuia mwalimu kuwapa watoto daftari la maktaba ya shule, au orodha ya chakula cha mchana, na kuwaambia wazitengenezee mfumo. Mpishi akija kulalamika kwamba mfumo unamhesabia watu wawili mara mbili, somo la kukagua makosa limejifundisha lenyewe.

Mwalimu mkuu alikuwa akiandika. Aliinua kichwa.

"Mwalimu, ukihamishwa na tume ya walimu, TSC, muhula ujao, mimi nabaki na nini?"

Kimya.

"Nywila za mashine ziko wapi?"

"Kichwani, Madam."

"Maswali ya mazoezi?"

"Kwenye flashi yangu."

"Ni mashine gani haiwaki kwa sababu ya betri na ipi kwa sababu ya diski?"

Hakujibu. Mzazi alicheka, akaomba radhi.

Hapo mjadala ulihama kutoka kwenye kufundisha ukaingia kwenye kuongoza, na watu wengi hawajui kwamba ni kazi mbili. Idara ya mtu mmoja inaonekana haina haja ya kumbukumbu, kwa kuwa anayejua na anayeuliza ni yule yule. Siku anapougua, au anapopata shule karibu na kwao, somo linafungwa naye. Watahiniwa wa Kidato cha Nne wanabaki na mradi uliofika nusu, na mwalimu wa bodi anayeletwa kwa haraka anaanza kwa kutafuta ufunguo. Wala hali haitulii yenyewe. Januari 2026 Gredi ya 10 ya kwanza iliingia sekondari ya juu, huku Kidato cha Tatu na cha Nne wakiendelea na mfumo wa zamani wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa mwisho wa KCSE ni wa 2027. Mwalimu yule yule anabeba mitaala miwili. Na wanaoingia Gredi ya 10 hawakusoma kompyuta kama somo la peke yake huko sekondari ya msingi: masomo yalipopunguzwa kutoka 14 hadi 9, liliunganishwa ndani ya Masomo ya Awali ya Kiufundi. Wengine wanajua zaidi ya wanavyotarajiwa, wengine hawajawahi kuwasha mashine.

"Unahitaji mtu wa pili," binti akasema.

"Sina bajeti ya mtu wa pili," mkuu akajibu.

"Si wa kuajiri, Madam. Wa kufundishwa. Yupo humu."

Wote wakamtazama mwalimu wa hisabati, ambaye pakiti ya unga ilikuwa bado mbele yake.

Alikataa kwanza, tena kwa sababu nzuri: ana vipindi vingi, hana malipo ya ziada, na anajua kwamba mwalimu akionekana anaweza kuwasha printa atakuwa mchapishaji wa mitihani ya shule nzima hadi astaafu. Kisha akataja masharti. Atachukua wiki nne za mwanzo za Gredi ya 10, zile za kadi na pakiti, kwa kuwa hizo ni hisabati. Hatagusa nyaya. Kila kitu atakachofundisha kiwe kimeandikwa kwenye faili la karatasi, ndani ya kabati la ofisi. Nywila ziwekwe kwenye bahasha iliyofungwa, kwa naibu. Na aondolewe kipindi kimoja cha Ijumaa alasiri.

Mwalimu wa kompyuta aliyakubali yote isipokuwa bahasha. Alisema nywila zikishajulikana na watu watatu zitajulikana na Kidato cha Tatu kizima. Wakabishana zaidi juu ya hilo kuliko walivyobishana juu ya mtihani wenyewe, hadi binti akawaeleza kwamba mashine zinaweza kuwa na akaunti mbili, ya msimamizi na ya mwanafunzi, na kwamba ya msimamizi ndiyo ya bahasha.

Mzazi alidai la kwake. Watahiniwa 14 wabaki, hakuna neno, lakini kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, awe anasoma kompyuta au la, apewe alasiri tatu maabarani: afungue baruapepe yake mwenyewe, aingie kwenye tovuti ya vyuo mwenyewe, na nywila aiandike mwenyewe. Yeye atakuja kusaidia. Mwalimu wa hisabati akamuuliza kama anajua anajikatia riziki. Akasema wateja hawataisha, kuna wazazi wao.

Mwalimu mkuu aliandika alasiri tatu. Kuhusu kipindi cha Ijumaa hakuandika kitu. Ratiba ya muhula, alisema, iko kwa naibu, na naibu ni mtu wa Kilimo.